Lugha yetu ya michoro: faida nipime vipi?

Wa Kisauni: Jamani, tumeunda lugha ndogo ya kuchora kanuni za malipo ya makontena pale bandarini Kilindini, mchoro wenyewe unatoa msimbo wa kompyuta. Jana nimebadilisha siku za kuhifadhi bure: kisanduku kimoja, dakika kumi. Zamani ningepekua mafaili matano! Bosi ataka ushahidi. Nipime nini?

Wa Likoni: Usihesabu mistari ya msimbo, huo watolewa na mashine, utakudanganya. Chukua mabadiliko mawili yanayolingana. Mmoja achore, mwengine aandike msimbo kwa mkono kwa Java, lugha ya kawaida ya kompyuta, kisha wabadilishane. Andika muda na makosa.

Wa Changamwe: Na miezi ya kuijenga lugha yenyewe? Itie hesabuni, ndugu yangu. Na kuitunza pia.

Wa Kisauni: Minne. Sikuihesabu, wallahi. Kesho nafungua daftari, ahsanteni.