Kampuni inajiita ya kijani halafu inamchangishia hela mpinga tabianchi: biashara tu au unafiki?

Mtoa mada:
Wakuu salama? Hii mada nimeikalia muda, acha niimwage hapa mniraruerarue.

Google tangu 2007 wanajisifu mambo ya mazingira, mara wamesawazisha hewa ukaa yao yote, mara 2017 wananunua umeme jadidifu (wa upepo, jua na kadhalika) wa kutosha kulingana na wanaoutumia mwaka mzima. Sawa, hongera zao. Sasa rudini nyuma Julai 2013. Ofisi yao ya Washington iliandaa hafla ya kumchangishia hela za kampeni Seneta James Inhofe wa Oklahoma. Kwa asiyemjua, huyu (ni marehemu sasa) ndo alikuwa bingwa wa Seneti nzima kwa kusema ongezeko la joto duniani ni utapeli, na ndo huyohuyo aliyekuja kuingia ukumbini Februari 2015 na donge la theluji mkononi akalirusha, eti nje kuna baridi kwa hiyo wanasayansi wanatudanganya. Yaani huyo.

Watu walipowaka, kampuni ikajibu kwamba huwa wanaandaa hafla za wanasiasa wa pande zote, haina maana wanakubaliana nao kila kitu, na kwamba kwenye tabianchi hawaelewani na seneta ila wana data senta (jengo la seva za kuhifadhi na kuchakata data) na wafanyakazi kule Oklahoma. Hapo ndo mimi nagoma. Kwa sababu Oklahoma hiyohiyo 2011 walisaini mkataba wa kununua umeme wa upepo, na mwaka huohuo walichagua wanasayansi 21 wa tabianchi wawafadhili wajue kuielezea sayansi kwa mwananchi wa kawaida. Wengi wa wanasayansi walewale ndo waliandika barua ya wazi baada ya ile hafla kuuliza jamani hii nini. Unamlipa mtu aeleze sayansi halafu unamchangishia anayeizomea!

Hoja yangu ni moja tu: hela ya siasa iingie kwenye hesabu ya hewa chafu ya kampuni. Kampuni ikizima taa za ofisi zake zote inaokoa kiduchu, ila sheria moja ikikwama bungeni ni mitambo ya makaa kuendelea kuchoma miaka kumi mbele. Kwa nini kile kidogo kiandikwe kwenye ripoti na hiki kikubwa kiitwe "mahusiano"?

Shabiki wa Soko:
Mkuu mada nzuri ila umeanza na hasira. Kampuni sio shirika la hisani. Mchumi Milton Friedman alishaandika 1970 kwamba wajibu wa kampuni kwa jamii ni kutengeneza faida bila kuvunja sheria, mengine waachieni serikali. Seneta mmoja anapiga kura kwenye kodi, kwenye hakimiliki, kwenye vibali vya wataalamu wa kigeni, tabianchi ni fungu moja tu kati ya mafungu kibao. Unataka Google wamnunie mtu mwenye kura kwenye mambo yao kumi kwa sababu ya moja? Halafu huyo ndo seneta wa jimbo walikoweka mtambo wao. Ukijenga kwa mtu unamsalimia mwenye eneo, hiyo sio siri.

Mtoa mada:
Kumsalimia sawa, kumpigia harambee ya kampeni ni salamu gani hiyo bana.

Na hii hoja ya "biashara itakufa" ilishajaribiwa ikaonekana. Kuna chombo kinaitwa ALEC kule Marekani, kinakutanisha makampuni na wabunge wa majimbo, wanaandaa miswada mfano halafu mbunge anaibeba anaipeleka jimboni kwake. Wamo kwenye miswada ya kupinga sheria zinazolazimisha makampuni ya umeme kuwa na kiasi fulani cha umeme jadidifu. Google walikuwa wanachama. Microsoft wakajitoa 2014, miezi michache baadaye Eric Schmidt, mwenyekiti wa Google kipindi hicho, akaulizwa redioni na msikilizaji aliyepiga simu, akasema kuwachangia lilikuwa kosa, wale watu wanadanganya wazi kuhusu tabianchi na kampuni haipaswi kusimama nao. Wakatoka, na Facebook na Yahoo nao wakafuata. Sasa niambie mkuu, nani alifilisika? Kodi ilipanda? Data senta ilifungwa?

Mhasibu Mkavu:
Naomba niweke hesabu sawa maana naona watu wanachanganya mafaili.

Kwanza, sheria ya Marekani tangu 1907 inakataza kampuni kutoa hela zake moja kwa moja kwa mgombea wa ngazi ya taifa. Zinazotoka ni za kamati inayoitwa PAC, inachangiwa na wafanyakazi wenyewe kwa hiari, na PAC inampa mgombea mwisho dola 5,000 kwa uchaguzi mmoja. Kwa kampuni ya ukubwa ule hiyo hela ni karanga. Hela nzito ziko kwenye vyama vya wafanyabiashara na vile vikundi vya utafiti wa sera, huko hakuna kikomo na mara nyingi hakuna risiti ya kuonyesha wananchi. Gazeti la The Guardian Oktoba 2019 walipitia orodha ya Google yenyewe wakakuta vikundi zaidi ya kumi na viwili vyenye historia ya kupinga sheria za tabianchi, kikiwemo Competitive Enterprise Institute ambacho kilipiga kampeni Marekani itoke kwenye Mkataba wa Paris, ule wa mataifa wa kupunguza ongezeko la joto. Kwa hiyo mtoa mada, hafla ya 2013 ni kelele, mzigo uko huku.

Pili, na hapa ndo naumia, tunabishana kuhusu seneta wakati mita ya umeme inakimbia. Ripoti ya Google ya 2024 inasema hewa chafu yao ilifika tani milioni 14.3 mwaka 2023, imepanda asilimia 48 tangu 2019. Microsoft waliahidi 2020 kwamba ikifika 2030 watakuwa wanaondoa hewa ukaa nyingi kuliko wanayotoa, kufika 2023 ilikuwa imepanda asilimia kama 29. Chanzo ni data senta za akili mnemba, vyuma, saruji, chipu na umeme. Shirika la Kimataifa la Nishati linasema data senta zote duniani 2024 zilitumia kama terawati-saa 415 (terawati-saa moja ni uniti bilioni moja), na 2030 zinaweza kufika 945. Na ile "tunanunua umeme jadidifu asilimia mia" maana yake ni kwa mwaka. Saa nane usiku upepo umelala, seva zinakula gesi na makaa kama jirani yeyote kwenye gridi (mtandao wa umeme wa wote), ila mwisho wa mwaka vitabu vinabalansi. Google wenyewe wanajua, ndo maana 2020 walijiwekea lengo la umeme safi kila saa, kwenye kila gridi, ikifika 2030. Hilo ndo lengo la maana.

Mtoa mada:
Sasa mkuu si umenisaidia? Hilo lengo la kila saa utalifikiaje kama gridi yenyewe ni chafu, na gridi inasafishwa na sheria, na sheria inapitishwa na walewale unaowachangia? Huwezi ukasema mita ni jambo moja na siasa ni jambo jingine.

Dada wa Seva:
Mimi nafanya kazi na hizi mashine, kila siku niko kwenye rafu za seva nabadilisha diski, mnanisamehe nikiongea upande wa wafanyakazi maana naona mnaongea kama vile kampuni ni mtu mmoja mwenye roho moja.

Hayo mabadiliko mnayoyataja mengi yalisukumwa na watu wa ndani. Amazon 2019 wafanyakazi zaidi ya 8,700 waliweka majina yao wazi kwenye barua wakitaka mpango wa tabianchi unaoeleweka, pamoja na kuacha kuwachangia wanasiasa wanaokwamisha sheria na kuacha kutengenezea makampuni ya mafuta huduma za kuchimbia haraka zaidi. Hili la mwisho watu hawalijui, wingu lenu hilo mnaloweka picha ndo lilelile linachakata data za kutafutia mafuta chini ya ardhi. Wakapanga kutoka kazini Septemba 20, 2019. Septemba 19 Jeff Bezos, bosi wa Amazon kipindi hicho, akasimama akatangaza ahadi ya kufuta hewa ukaa yote ikifika 2040. Siku moja kabla! Mtasema imetokea tu hivyo.

Ila bei yake ipo. Aprili 2020 viongozi wawili wa kikundi kile walifukuzwa, kampuni ikasema wamevunja taratibu za ndani, bodi ya mahusiano ya kazi ya Marekani ikaona kuna kesi, 2021 wakamalizana kabla haijasikilizwa. Google nao Novemba 2019 wafanyakazi zaidi ya 1,000 waliandika kudai hayohayo, Mei 2020 kampuni ikasema haitatengeneza tena akili mnemba maalumu ya kuchimbia mafuta na gesi. Kwa hiyo Shabiki wa Soko ukisema "waachieni serikali", kuna watu walishakataa kuacha na wakalipa kwa ajira zao.

Shabiki wa Soko:
Dada heshima kwako, ila hao wafanyakazi nani kawachagua? Mwenye hisa ndo mwenye kampuni. Apeleke hoja kwenye mkutano mkuu, ipigiwe kura, imeisha.

Mtoa mada:
Hahaha mkuu hapo umejikamata. Google hisa ziko madaraja, kuna za kura kumi, za kura moja na kuna zisizo na kura kabisa. Waanzilishi Larry Page na Sergey Brin wawili tu wanashika zaidi ya nusu ya kura zote. Peleka hoja yako ya lobi (kushawishi wabunge na serikali) na tabianchi pale, hata wenye hisa wengine wote wakikuunga mkono unapigwa chini.

Mla Mbivu:
Nimesoma wote nimeshangaa hakuna aliyeuliza: hivi kwa nini tunataka makampuni haya yawe na siasa kabisa? Mnalalamika wanamchangia mbaya, dawa yenu ni wamchangie mzuri. Leo mzuri kwenu ni wa tabianchi, kesho mzuri kwao ni atakayewafutia kesi za ukiritimba. Angalieni Januari 2025, Amazon, Meta, Google na Microsoft kila mmoja katoa dola milioni 1 kwa sherehe za kumuapisha Trump, wakuu wa makampuni matatu ya kwanza wamekaa mbele kuliko mawaziri watarajiwa, na siku ileile Trump akasaini amri ya kuitoa tena Marekani kwenye Mkataba wa Paris mbele ya umati. Hawa ni watu walewale wa ahadi za 2030 na 2040. Mimi nasema watoke wote. IBM kwa miaka mingi hawakuwa na PAC wala hawakuchangia mgombea yeyote, Apple nao hawana PAC, na hatujasikia wamekosa soko.

Dada wa Seva:
Hapo nakuunga mkono nusu. Januari 2021 baada ya Bunge la Marekani kuvamiwa, makampuni kibao ya teknolojia yalisimamisha michango ya PAC ndani ya siku chache tu. Kumbe swichi ipo, na wanajua ilipo.

Mtoa mada:
Mla Mbivu hoja yako ina nguvu kuliko ya Shabiki, nakiri inanisumbua. Ila IBM na Apple wana watu wa lobi Washington kama kawaida, kutokuwa na PAC hakujawanyamazisha. Ukifunga mlango wa wagombea hela inapita dirishani, kwenye vile vyama alivyosema Mhasibu. Na kukaa kimya nako ni upande, kwa sababu makampuni ya mafuta hayatanyamaza hata siku moja. Apple 2009 walijitoa kwenye Chemba ya Biashara ya Marekani kwa sababu ya msimamo wake kwenye tabianchi, ule ulikuwa uamuzi wa kisiasa na mimi nautaka mwingi wa namna hiyo.

Mhasibu Mkavu:
Basi mimi sina haja ya kujua wana roho nzuri au mbaya. Ile orodha ya Google ya 2019 ilikuwa na majina ya vikundi, mbele ya jina hakuna kiasi. Kwenye ripoti ya mazingira wanahesabu mpaka maji ya kupozea seva na safari za ndege za wafanyakazi. Waongeze safu moja tu: kikundi, kiasi, na msimamo wake kwenye sheria ya tabianchi mwaka huo. Mpaka hiyo safu iwepo, ningekuwa mkaguzi ile ripoti nisingeisaini.

Shabiki wa Soko:
Safu moja tu? Hiyo hata mimi sipingi. Ila wakiijaza msije kusema hamkuonywa, maana mtakuta na vikundi mnavyovipenda humo.