Nywele za mawimbi na maji ya kisima: shampuu niiache kweli?

Asalaam aleikum dada zangu na mashangazi wa humu. Niko Lamu, mtaa wa Langoni. Nywele zangu zinajiviringa, si za singa wala si kipilipili, zinafika mabegani.

Kila ninayemuuliza ananiambia shampuu inakausha, nioshe kwa kondishena tu, kisha nipake mafuta ya nazi kila siku. Nimefuata miezi mitatu. Mizizi inanata, ncha zimekauka kama makumbi, na mba inaangukia buibui jeusi, aibu tupu! Nikikuna kichwa, ukucha unatoka na utando mweupe.

Maji yetu ni ya kisima, ya chumvichumvi. Hata sabuni haitoi povu. Nashuku wanaotoa ushauri ule wanaoga maji laini. Juzi niliiba shampuu ya mdogo wangu, nikasuuza kwa maji ya mvua tuliyokinga. Mawimbi yakarudi, siku mbili tu.

Sasa naomba mnijuze: anayetumia maji kama haya anaosha kwa shampuu mara ngapi kwa wiki? Na kuna aliyesuuza kwa siki iliyozimuliwa, alitia kiasi gani?