Amish wanasali majumbani, watu wote wale wanaeneaje sebuleni?

mama_jumuiya
Habari zenu wakuu. Juzi zamu ya jumuiya ilikuwa kwangu, kaya 12 tu lakini viti nimeazima nyumba tatu, mtoto wa mtu kamwaga chai kwenye zulia, usiku nimelala hoi. Sasa shemeji yangu yuko Marekani ananiambia kuna watu wanaitwa Amish, wale wa magari ya farasi, wanaume wana ndevu ila masharubu wananyoa, eti hawajengi kanisa, wanasali nyumbani kwa watu na ibada inaenda masaa matatu. Anayejua anieleze, mwenye nyumba anajipangaje? Na siku za kawaida wanaishije na watoto bila umeme au ndo stori tu za mitandaoni?

dereva_wa_vani
Mama shemeji yako hajakudanganya. Mi niko Lancaster, Pennsylvania, mwaka wa sita sasa na kazi yangu ni kuwabeba hao hao, maana kumiliki gari kwao ni mwiko lakini kupanda la mwenzio ukalipa nauli ruksa, ndo tunapokula wengine hapo. Kuna mzee mmoja fundi ujenzi nampeleka saiti kila siku, mwaka jana akanikaribisha ibada kwake kwahiyo nasimulia nilichoona.

Kwanza viti hawaazimi. Kila kundi lina mabenchi yake ya mbao yasiyo na egemeo, yana gari lake maalum la kuvutwa na farasi, ibada ikiisha yanapakiwa na vitabu vya nyimbo yanahamia nyumba inayofuata. Nyumba nyingi zina kuta za kukunja, unazisukuma pembeni vyumba vitatu vinakuwa ukumbi mmoja. Wengine wanasalia ghalani au karakana. Kundi moja ni familia kama 20 mpaka 40, wakizidi nyumba haitoshi basi wanagawana wanakuwa makundi mawili, yani nyumba ndo inapanga ukubwa wa kanisa! Na ibada ni Jumapili moja wanaruka moja, ile ya katikati wanatembelea ndugu, kwahiyo familia zikiwa 26 zamu inakufikia mara moja kwa mwaka. Ila hiyo mara moja mama, mke wa yule mzee alianza kufua mapazia na kusugua kuta wiki kadhaa kabla, na wanawake majirani wanakuja kusaidia.

Ibada yenyewe wanaume upande wao wanawake upande wao, hakuna kinanda hakuna ngoma hakuna maiki. Nyimbo za Kijerumani cha zamani toka kitabu kinaitwa Ausbund cha karne ya 16, nyingine zilitungwa na wafungwa wa imani kule Passau, na wanaimba polepole sana, wimbo wa pili ni ule ule kila ibada na unaweza kula dakika 20. Mi nilidhani umeisha, kumbe ndo ubeti wa pili. Halafu mahubiri mawili, la kwanza fupi la pili refu, mgongo uliniuma mpaka nikawaza ile siti ya gari langu. Baadaye mabenchi hayo hayo yanaunganishwa yanakuwa meza, watu wanakula kwa zamu: mkate, siagi ya karanga iliyochanganywa na sirapu tamu, achari ya matango, kahawa. Hakuna pilau mama, usijisumbue hahaha.

Nyasuguta
Na mhubiri analipwa na nani kama hakuna kanisa?

dereva_wa_vani
Halipwi mkuu. Ni mkulima au fundi kama wenzake. Waumini wanapendekeza majina, vitabu vya nyimbo vinapangwa mezani, kimoja ndani kina kikaratasi chenye andiko, kila aliyependekezwa anachukua kimoja, atakayekuta kikaratasi ndo mhubiri maisha yake yote. Yule mzee alinambia siku hiyo watu wanalia sio kwa furaha, ni kwa mzigo.

mtoto_wa_Shirati
Naongezea kidogo maana huku Mara watu wanachanganya. Amish na Menonaiti ni ukoo mmoja wa Waanabaptisti, yani Wakristo wanaobatiza watu wazima tu, walitengana 1693 huko Uswisi na Alsace, Jakob Ammann akitaka nidhamu kali zaidi, ndo jina likatokea hapo. Wamisionari waliofika Shirati 1934 walitumwa na Wamenonaiti wa hukohuko Lancaster, ndo Kanisa la Mennonite Tanzania lilipoanzia. Kwahiyo kule kuoshana miguu kwenye meza ya Bwana tunakokufanya sisi, na Amish wanafanya, mara mbili kwa mwaka.

kichwa_ngumu
Mnawasifia tu. Mtoto anaishia darasa la nane, akiasi wanamtenga hata mezani hakai nao. Hiyo ni familia?

dereva_wa_vani
Darasa la nane ni kweli, Mahakama ya Juu ya Marekani iliwakubalia 1972. Kutengwa nako kupo na kunauma, sitetei. Ila anatengwa aliyebatizwa akavunja ahadi, na ubatizo ni wa watu wazima, kijana aliyeondoka kabla hajabatizwa anarudi kula kwa mamake kama kawaida.

Mama umeuliza siku za kawaida: Jumatatu ni kufua, kamba zimejaa magauni ya rangi moja moja, friji wanazo za gesi, simu inakaa kwenye kibanda nje isiingilie mazungumzo ya mezani. Kabla ya kula na baada ya kula wote wanainamisha vichwa kimya, hakuna amina ya sauti, baba akishusha pumzi kwa nguvu ndo unajua imeisha. Jioni wanapiga magoti baba anasoma sala kitabuni, Kijerumani, hata katoto ka miaka mitatu kamepiga magoti kamelalia kiti kamesinzia.

mama_jumuiya
Asante mwanangu. Hiyo ya mabenchi nampelekea mwenyekiti leo leo, fundi yupo hapa mtaani, tatizo ni nani atayatunza mvua ikinyesha. Punda tunao.