Tableti zenye Desmos au laptop za mtumba zenye GeoGebra kwa miradi ya hesabu?

Mwl_Sakina: Habari za jioni wakuu. Shule yetu hapa Arusha inanunua vifaa vya miradi ya hesabu: wanafunzi wapime kitu halisi, waingize vipimo kwenye programu ya grafu (Desmos kwenye tableti au GeoGebra kwenye laptop), watafute fomula inayovifuata. Fedha inatosha tableti au laptop za mtumba, si vyote. Kamati inakaa Ijumaa. Mnashauri nini?

fundi_maabara: Mkuu, hujasema kidato, wanafunzi wangapi kwa kifaa kimoja, wala kama intaneti ipo. Laptop zina RAM kiasi gani? Bila hayo tutapiga ramli.

Hesabu_Moshi: Laptop na GeoGebra. Chukua Classic 5, achana na 6: hiyo 5 ni nyepesi, inaendeshwa hata kutoka kwenye flashi, haili bando. Mradi wa tao la lango unafaa sana. Ingiza picha, nukta A na B hushika kona zake za chini. Zisogeze mpaka upana wa lango kwenye skrini ulingane na mita ulizopima kwa futikamba. Mpiga picha asimame mbele kabisa, maana akikaa pembeni tao linapinda upande mmoja na parabola haikai.

Mwl_Sakina: Kidato cha tatu, wanafunzi wanne kwa kifaa. Intaneti iko ofisini tu. RAM muuzaji hajaniambia.

nyuzi_na_namba: Basi tableti. Desmos ikishasakinishwa inafanya kazi bila mtandao. Jaza jedwali, andika y1 ~ a·b^x1 + c (alama ~ huiambia itafute a, b na c zinazofuata vipimo), umemaliza.

Hiyo c, yaani kiwango ambacho mkunjo unakikaribia mwishoni, ndiyo muhimu. Kuna shule moja mradi wa chai kupoa uliharibika wote. Wanafunzi walipima kila dakika 2 kwa dakika 40, chai ikashuka kutoka nyuzi 80 hadi 41, chumba kikiwa na nyuzi 24. Wakatumia FitExp, amri ya GeoGebra ya kutafuta fomula ya a·e^(b·x) isiyo na c. Mkunjo ulipita karibu na nukta zote, kila mtu akaridhika. Walipotabiri joto la saa mbili tangu kuanza kupima, fomula ikasema nyuzi kumi na kitu. Chai haiwezi kupoa kuliko chumba! Sababu ni kwamba FitExp hudhani kitu kinashuka hadi sifuri, na tayari ripoti zilikuwa zimeandikwa. Dawa: toa 24 kwenye kila kipimo kwanza, tafuta fomula, kisha rudisha 24.

Hesabu_Moshi: Hilo si kosa la GeoGebra. Tengeneza slaida a, b, c, andika f(x) = c + a·e^(b·x), halafu Fit(orodha, f). Ila anza na b = -0.03. Ukiiacha 1, kwenye x = 40 namba inalipuka na programu haipati jibu. Desmos nayo hupotea njia usipoizuia kwa 0 < b < 1.

Kijenge_Juu: Na wasiandike 100 kama joto la maji yanayochemka. Arusha iko karibu mita 1,400, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Wapime.

nyuzi_na_namba: Moshi ni 97 hivi, tuko chini kidogo.

mzazi_na_mwl: Mtihani wa NECTA bado ni penseli na karatasi ya grafu. Nukta wazichore kwa mkono kwanza, ndipo waguse kifaa.

Hesabu_Moshi: Kwa mkono nukta kumi zinatosha. Kubadili c mara ishirini na kuona mkunjo ukisogea, karatasi haiwezi.

fundi_maabara: Turudi kwenye ununuzi. Laptop nyingi za mtumba zimetoka Ulaya zikiwa zimewekwa mkato badala ya nukta ya desimali. Ukiandika 72.5 kwenye Calc (programu ya majedwali ya LibreOffice) inasomwa kama maandishi, inakaa kushoto, grafu inatoka tupu. Badilisha mipangilio ya nchi kabla ya kugawa. Betri pia zijaribu mwenyewe. Umeme ukikatika katikati ya vipimo, kipindi kimekwenda.

Mwl_Sakina: Nimewaelewa. Mradi wa maji kutoka kwenye chupa unafaa kifaa kipi?

Kijenge_Juu: Vyote. Chupa ya lita 1.5, tundu la milimita 4, alama kila sentimita, kizibo wazi. Kikifungwa hewa haiingii na maji yanasita. Tumia sehemu iliyonyooka tu. Kimo kinafuata kipeo cha pili, kwa hiyo FitPoly (amri ya GeoGebra ya kutafuta polinomia) ya daraja la 2 inatosha. Sentimita ya mwisho iache, maji yanadondoka matone.

nyuzi_na_namba: Milimita 4 ni kubwa, itaisha kabla hawajaandika. Toboa 3.