Taras Boulba, Zinnebir, Stouterik, Jambe-de-Bois au Bruxellensis: nibebe bia ipi kutoka Brussels?

Msafiri_TMK
Wakuu, habari za jioni. Mwezi ujao ofisi inanituma Brussels, na jamaa yangu kanisisitiza nisiondoke kule bila kupita Brasserie de la Senne, kiwanda cha bia cha hukohuko. Nimeangalia orodha ya bia zao nikachanganyikiwa. Mimi ni mtu wa bia ya Safari, sikukuu nikijitutumua ni Guinness. Begi litabeba chupa chache tu. Zipi ninywe hukohuko na zipi nibebe? Jambe-de-Bois ina kilevi asilimia 8, naona kama hapo ndipo pesa yangu itatulia, au nakosea?

Nyali_Boy
Boss, jibu unalo mwenyewe. Safari ni 5.5, hiyo ni 8. Mtu hapandi ndege mpaka Ulaya kwenda kunywa kitu cha 4.5. Hiyo si ni bia ya Kilimanjaro tu? Ungebaki Temeke.

Mwana_Bukavu
Ndugu Msafiri, usimfuate huyo wa Nyali. Mimi naishi Ixelles, karibu na Matonge, na bia hizi nazijua tangu kiwanda kilipokuwa Molenbeek. Walianza kupikia pale mwaka 2010, baadaye wakahamia jengo kubwa karibu na Tour & Taxis, hukuhuku Brussels. Baa iko palepale kiwandani, utakunywa bia ya bomba ambayo haijazurura kwenye malori.

Sasa tuzungumze bia zenyewe. Taras Boulba ndiyo hiyo ya 4.5 mnayoidharau. Rangi yake nyepesi, povu jeupe zito, na uchungu wa hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia, unaokupiga mapema kisha unakaa. Haiachi utamu hata kidogo. Wanywaji wengi wa lager, yaani bia kama Safari, wanakunja uso glasi ya kwanza, ya pili wanaagiza wenyewe. Zinnebir ni 5.8, imejaa zaidi mdomoni, kimea chake unakisikia, na uchungu upo lakini una adabu. Ilitengenezwa kwanza mwaka 2002 kwa ajili ya Zinneke Parade, maandamano ya sanaa ya hapa mjini, na mpaka leo watu wa Brussels wanaihesabu kuwa yao. Mtu wa Safari aanze na Zinnebir.

Mchemsha_Ulezi
Nimependa alivyoeleza Mwana_Bukavu. Niongeze upande wa upikaji, maana nyumbani kwetu Marangu mbege ndiyo iliyotulea.

Nyali_Boy, kilevi kingi kinaficha makosa. Bia ya 8 ina utamu na joto la kukufanya usahau kasoro. Bia ya 4.5 haina pa kujificha: kimea kikiwa kibovu utakijua, hamira ikichoka utaijua. Ukitaka kumpima mpishi, mpime kwa ile nyepesi. Na uchungu wa Taras Boulba usikutishe. Sisi mbege tunaitia msesewe, lile gamba chungu la mti, la sivyo ndizi na ulezi vingebaki utamu mtupu. Hopsi kwenye bia ya shayiri inafanya kazi hiyohiyo, inakata utamu, na juu ya hapo inaleta harufu ya maua na inazuia baadhi ya bakteria wanaoharibu bia.

Jambo jingine: bia za hawa jamaa hazichujwi wala hazichemshwi baada ya kuiva ili kuua vijidudu. Zinachacha tena ndani ya chupa. Chini utakuta mashapo ya hamira. Simamisha chupa siku nzima kabla ya kufungua, mimina taratibu, acha kidole kimoja cha mwisho. Usije ukasema umeuziwa bia iliyoharibika.

Nyali_Boy
Hamira chini ya chupa na bado tulipe euro. Sawa. Stouterik je? Au nayo ni uji?

Mwana_Bukavu
Stouterik ni nyeusi, kilevi chake karibu na 5, wakati Guinness mnayokunywa huko inazidi 6. Kwa hiyo Msafiri asitegemee uzito uleule wala ule utamu wa mwisho. Hii ni kavu, ina kahawa na nafaka iliyochomwa, nyepesi kuliko rangi yake. Mimi naipenda wakati wa baridi na chakula chenye mafuta. Ila kwa kweli, kama begi ni dogo, hii si ya kubeba.

Dada_Kigali
Samahani kuingilia. Nilikunywa Bruxellensis mwaka jana kwa dada yangu na mpaka leo siielewi. Ilikuwa na harufu ya ngozi na nyasi kavu. Ni bia au imeoza?

Mchemsha_Ulezi
Dada, haikuoza, hamira yake ndiyo hivyo. Inaitwa Brettanomyces, na aina iliyotumika hapo imechukua jina la Brussels yenyewe. Aliyeitambulisha kwa jina la Brettanomyces ni Mdenmark N. H. Claussen, akifanya kazi Carlsberg, mwaka 1904. Inakula sukari ambazo hamira ya kawaida inaziacha, na inazila polepole. Kwa hiyo chupa mbili za toleo moja, moja changa na nyingine ya mwaka mzima, ni bia mbili tofauti. Ile changa ina hopsi mbele, ile iliyokaa ina hayo mangozi na ukali kidogo.

Msafiri, hapo ndipo penye jibu la begi lako. Harufu ya hopsi inakufa upesi, na joto la Dar litaimaliza kabla hujawaalika marafiki. Taras Boulba kunywa kwenye bomba kiwandani, usiibebe. Bruxellensis ibebe, kwa sababu yenyewe imeumbwa kubadilika. Jambe-de-Bois nayo inabebeka, kilevi na uzito wake vinaisaidia kustahimili safari.

Nyali_Boy
Si mmeona! Mmezunguka kote mkarudi kwa 8.

Mwana_Bukavu
Tumerudi kwa sababu ya begi, bwana, si kwa sababu ya ulevi. Na hata hiyo, ni bia ya dhahabu ya aina ya tripel, yaani bia kali ya Kibelgiji, laini mdomoni. Jina lake ni “mguu wa mti” kwa Kifaransa, wamelitoa kwa yule mpiganaji wa mapinduzi ya Ubelgiji ya 1830 aliyekuwa na mguu wa mti na mzinga wake mitaani. Ukiinywa haraka kama bia ya Primus, utatafuta mguu wako mwenyewe.

Msafiri_TMK
Nimewapata. Taras na Zinnebir hukohuko, Stouterik nikikuta baridi kali. Nabeba Bruxellensis na Jambe-de-Bois. Swali la mwisho: nizigandishe kwenye friza kama tunavyofanya kwa Safari?

Mchemsha_Ulezi
Friza hapana kabisa! Baridi kali inaua ladha, ulimi unabaki na gesi tu. Friji ya kawaida, kisha itoe robo saa kabla ya kumimina.

Nyali_Boy
Bia ya moto Dar es Salaam, halafu unaniita mimi mshamba. Mimi yangu iwekeni kwenye friza.