Mshauri anataka tufunge mfumo mpya wa kompyuta wa kiwanda kidogo kidogo, si mara moja. Nimkubali?

Msimamizi wa Zamu ameuliza:

Wakuu, naomba mawazo yenu. Ninasimamia uzalishaji kwenye kiwanda cha vyombo vya plastiki: ndoo, mabeseni, vifuniko. Stoo tunaendesha kwa daftari na Eksel, ratiba ya mashine iko ubaoni, na uhasibu wana programu yao isiyosomana na kingine chochote. Uongozi umeamua tuingie kwenye ERP, yaani mfumo mmoja wa kompyuta unaounganisha stoo, uzalishaji, mauzo na uhasibu.

Wamekuja washauri wawili. Wa kwanza ameleta andiko nene: miezi ya kukusanya mahitaji, miezi ya kujenga, halafu siku moja tunazima vya zamani na kuwasha kipya. Wa pili ana kurasa chache tu. Anataka tuchague bidhaa moja, aipitishe kwenye mfumo kuanzia oda ya mteja mpaka ankara, tuione inafanya kazi ndani ya wiki chache, turekebishe, ndipo tuongeze nyingine. Bei ya kazi nzima hataji, anataka kulipwa kwa awamu.

Bosi anamwona huyu wa pili hajajipanga. Mimi moyo wangu uko kwake, ila sina hoja za kupeleka mezani. Waliopitia haya mnasemaje?

Mhasibu wa Viwanda amejibu:

Ndugu, angalia sana. "Tutarekebisha tukiendelea" ni maneno matamu, lakini mkaguzi wa hesabu haji kwa awamu. Nusu ya bidhaa zikiwa kwenye mfumo mpya na nusu kwenye Eksel, thamani ya mali iliyoko ghalani utaipata wapi? Na mkataba usio na bei ya mwisho hauna breki. Ningemchukua wa kwanza, nikambana kwenye vipengele.

Mpangaji amejibu:

Nilipanga uzalishaji kiwandani kabla sijaingia kwenye ushauri wa mifumo, na hadi leo wateja wangu ni viwanda tu. Mchukueni wa pili, kwa masharti.

Kazi ya kiwandani sehemu kubwa haijaandikwa popote. Chukua hivyo vifuniko vyenu. Ukimuuliza mtu wa ofisini kifuniko kinakula plastiki kiasi gani, atakutajia uzito wa kifuniko, tuseme gramu 40. Sasa nenda kwenye mashine. Moldi ikifunguka vifuniko vinatoka vimeshikana na kikonyo, yaani plastiki iliyogandia kwenye njia ya kuingilia moldi. Kikonyo kinakatwa, kinasagwa, kinarudi kuchanganywa na punje mpya za plastiki. Vipande vya kwanza vya zamu vinawekwa kando mpaka rangi itulie. Fundi akihama kutoka nyeusi kwenda nyeupe, anasafisha mashine kwa plastiki ambayo haitaingia kwenye kifuniko chochote. Ukiwasha mfumo kwa hizo gramu 40 tupu, baada ya muda skrini itaonyesha punje ambazo ghalani hazipo, na ununuzi watachelewa kuagiza kwa sababu mfumo umewaambia mzigo bado upo.

Jambo hilo halitatoka kwenye kikao cha kukusanya mahitaji. Fundi hatalitaja, si kwamba analificha, kwake ni kazi ya kila siku na hakuna aliyemuuliza. Litajitokeza siku kifuniko halisi kitakapopita kwenye mfumo na hesabu ikagoma. Ikigoma kwa bidhaa moja, mnakaa na fundi, mnapima kikonyo, mnarekebisha, mnaendelea. Ikigoma kwa bidhaa zote siku moja, malori yanasimama getini.

Mpelekee bosi mfano wa Hershey, watengeneza chokoleti wa Marekani. Walibana ratiba ya mradi wao, wakawasha mifumo mipya mikubwa kwa pamoja katikati ya mwaka 1999, msimu wa oda za Halloween, sikukuu ya Oktoba ya kugawa peremende, unaanza. Chokoleti ilikuwepo, kuifikisha kwa wateja ndiko kulikoshindikana, na oda za takriban dola milioni 100 hazikutimizwa. Na kama anaona kwenda hatua kwa hatua ni mtindo wa vijana wa kompyuta, mkumbushe kaizen ya Toyota, yaani kuboresha kazi kidogo kidogo bila kukoma. Badilisha kidogo, pima, rekebisha: viwanda vimeishi hivyo muda mrefu kabla waandishi wa programu hawajatoa ilani yao ya Agile, ya kwenda hatua kwa hatua, mwaka 2001.

Masharti sasa. Kubwa kuliko yote: kazi ikatwe kwa mtiririko wa bidhaa, isikatwe kwa moduli, yaani sehemu za mfumo. Wako washauri wanaojiita wa hatua kwa hatua, kumbe wanaingiza kwenye mfumo stoo nzima, kisha ununuzi mzima, kisha uzalishaji. Hapo mnaweza kukaa mwaka mzima bila kuona oda hata moja ikipita mwanzo hadi mwisho, na makosa yanakaa kwenye maungio ya moduli, ndiko yanakojificha siku zote. Bidhaa moja, njia nzima.

Kila onyesho litumie data yenu, na mtunza stoo na fundi wa zamu wawepo, wabonyeze wenyewe. Onyesho la "Bidhaa A" kwa "Mteja B" linapendeza na halifundishi kitu.

Na kabla ya skrini yoyote, hesabuni mali. Oliver Wight, mmoja wa waasisi wa MRP, yaani upangaji wa mahitaji ya malighafi kwa kompyuta, alisisitiza kumbukumbu za stoo zilingane na kilichoko rafuni kwa asilimia 95, na orodha za malighafi ziwe sahihi kwa 98. Chini ya hapo mfumo utapanga vizuri kabisa kwa namba za uongo.

Mhasibu, hoja yako ya leja, yaani daftari kuu la hesabu, ni ya kweli, na washauri wengi wa upande wangu wanaikwepa. Leja haikatwi vipande. Iacheni kwenye programu ya zamani, mfumo mpya uwape ingizo la jumla kila mwisho wa mwezi, na ihame siku moja, mwanzoni mwa mwaka wa fedha, bidhaa zote zikishaingia. Muundo wa namba za bidhaa nao uamuliwe mwanzoni, kuubadilisha katikati ni mateso. Kuhusu breki: kila awamu iwe na bei yake isiyopanda, matokeo yanayoonekana kwa macho, na haki ya kusimama hapo mkibaki na data yenu yote.

Mhasibu wa Viwanda amejibu:

Kwa leja kubaki na bei ya kila awamu kufungwa, napunguza upinzani. Ila kulinganisha leja na mfumo mpya kila mwezi kuandikwe jina la mtu atakayekufanya. Kukiachwa kuwa kazi ya wote, hakutafanyika.

Msimamizi wa Zamu amejibu:

Asanteni sana. Dada Mpangaji, tuanze na bidhaa gani? Bosi atataka ndoo kubwa, ndiyo inayouza.

Mpangaji amejibu:

Hapana, msianze na inayolisha kiwanda. Wala msichukue nyepesi kuliko zote, haitawaonyesha kitu. Chukueni kifuniko mnachokitoa kwa rangi mbili tofauti, chenye kikonyo cha kusagwa na mteja anayeagiza mara kwa mara, ili mpate kubadilisha rangi, kusaga na kupeleka mzigo ndani ya awamu moja. Ndoo iingie ya pili au ya tatu. Ubao wa ratiba msiung'oe, mafundi waendelee nao mpaka wao wenyewe waanze kuangalia skrini kwanza.