Nidhamu ya Wajapani ni ya damu au ni ya kujengwa? Na je, tunaitaka yote?

Wakuu, kila Kombe la Dunia likifika lazima zile video zizunguke, mashabiki wa Japani wanaokota takataka uwanjani baada ya mechi, na chini yake hakosi mtu wa kwetu kuandika "ngozi nyeusi tulilaaniwa". Wanafanya hivyo toka 1998 kule Ufaransa, mashindano yao ya kwanza, walifungwa mechi zote tatu na bado wakaokota. 2018 Urusi wametolewa na Ubelgiji 3-2 kwa goli la dakika za nyongeza, wachezaji wakaacha chumba cha kubadilishia nguo kinang'aa na karatasi imeandikwa asante kwa Kirusi. 2022 Qatar wamempiga Mjerumani 2-1, watu badala ya kukimbilia kushangilia mtaani wakabaki kwenye viti wanakusanya chupa. Hayo sipingi, na kwakweli yananigusa kila nikiyaona. Ninachopinga kwa nguvu zote ni hii habari ya kusema wenzetu wamezaliwa hivyo na sisi hatukuzaliwa hivyo.

Tokyo ya miaka ya 60 ilikuwa inanuka. Mto Sumida ulichafuka mpaka maonyesho ya fataki yaliyokuwa yanafanyika pale kila kiangazi yakasimama 1961, hayakurudi hadi 1978. Kuelekea Olimpiki ya 1964 ilibidi ziendeshwe kampeni za kuwaambia watu wasitupe taka barabarani na wasikojoe hovyo, yani Mjapani huyu huyu. 1971 gavana wa Tokyo, Minobe Ryokichi, akatangaza vita ya takataka, maana wilaya ya Koto ndo ilikuwa inabebeshwa sehemu kubwa ya taka za jiji, malori yanapita kutwa, nzi na harufu, wakati watu wa wilaya ya Suginami wenye maisha yao mazuri wanagoma kujengewa kiwanda cha kuchoma taka kwao. 1973 watu wa Koto wakachoka, wakayafungia njia malori ya Suginami. Na hapo sijagusa Minamata, ambako kampuni ya Chisso ilimwaga maji yenye zebaki baharini miaka na miaka, ugonjwa ukajulikana rasmi 1956, watu wanapooza, watoto wanazaliwa na ulemavu, lakini serikali ikaja kukiri kwamba chanzo ni kiwanda 1968, miaka 12 baadae. Kilichobadilisha mambo ni watu kupiga kelele, kesi mahakamani, na mwishoni mwa 1970 bunge kukaa na kupitisha sheria 14 za uchafuzi kwenye kikao kimoja.

Chukua hata hili la vitu vilivyopotea ambalo watu wanalipenda sana, umesahau pochi kwenye treni Tokyo unaikuta na hela zako zote. Wale wana vibanda vya polisi mitaani, vya kwanza viliwekwa 1874, askari wako pale pale jirani na nyumba yako, ukiokota kitu unakipeleka wanakuandikia karatasi. Na sheria inasema mwenye mali akipatikana aliyeokota ana haki ya zawadi kati ya asilimia 5 na 20 ya thamani, na miezi mitatu ikipita bila mwenyewe kutokea, mara nyingi kitu kinakuwa chako. Baada ya tsunami ya 2011 makasha ya fedha yaliyosombwa na maji yalipelekwa polisi kwa maelfu, na hela nyingi zikarudi kwa wenyewe. Moyo wa uaminifu upo, sibishi, ila umewekewa njia ya kupita. Mtu wa kwetu akiokota pochi yenye laki nne aipeleke wapi, kwa nani, na ataamini vipi kwamba itafika? Wengi waaminifu tunawavunja moyo hapo hapo.

Na wanaosema ni suala la rangi waende Kigali. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku toka 2008, Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu wanatoka kwenye umuganda kufanya usafi, asiyetoka anaweza kupigwa faini. Unaweza usipende ule ukali, lakini usiniambie mtu mweusi haiwezi hii kitu.

Sasa upande wa pili, ambao wapenzi wa Japani wanaukwepa. 2024 polisi wa Japani walihesabu watu zaidi ya 76,000 waliofia majumbani wakiwa peke yao, wengi wazee wa miaka 65 kwenda juu, na maelfu kati yao waligundulika baada ya zaidi ya mwezi. Mwezi mzima jamani! Taifa ambalo halitaki kumsumbua jirani limefika mahali jirani hajui kama upo hai. 2021 serikali ikamteua waziri wa kushughulikia upweke. Kwetu mzee asipoonekana asubuhi kuna mtu atagonga mlango, hata kama anagonga kwa umbea, na msiba ukitokea mtaa mzima unahamia hapo, watu wanachanga, wanapika, wanalala. Hiki ni kitu kikubwa tunacho na tunakichukulia poa, na huku mijini tumeshaanza kukipoteza.

Af kuna ile ya treni kutochelewa. Novemba 2017 kampuni moja ya treni iliomba radhi kwa sababu treni iliondoka sekunde 20 kabla ya muda, dunia nzima tukapiga makofi. Lakini 25 Aprili 2005 pale Amagasaki, dereva wa treni wa kampuni nyingine, kijana wa miaka 23, alikuwa amechelewa kama dakika moja na nusu, akaingia kwenye kona ya kilomita 70 kwa saa akiwa na 116, treni ikaacha reli ikagonga jengo la ghorofa. Wakafa 107, yeye mwenyewe akiwemo. Uchunguzi ukaonyesha alikuwa anaogopa adhabu, maana kampuni ilikuwa na utaratibu wa kumtoa dereva aliyekosea na kumpeleka "mafunzo", ambayo yalikuwa ni kuandika ripoti za kukiri makosa siku nzima, kufokewa, na wengine kutolewa kwenye treni wakapewa kazi ya kung'oa majani. Nidhamu ikishakuwa hofu inaua, hata Japani.

Hapo kwenye kung'oa majani ndo nawaleta nyumbani, maana wengi mnasema siri ya wenzetu ni watoto kufagia madarasa wenyewe. Hivi sisi tuliosoma shule za msingi za serikali hatukufagia? Tumebeba mafagio kutoka nyumbani, tumebeba vidumu vya maji, tumeosha vyoo, tumelima bustani, kwa wingi kuliko hata mtoto wa Osaka. Kama kufagia tu kungetosha Dar ingekuwa safi toka enzi za Mwalimu. Tofauti ni kwamba kwetu ukichelewa unaosha choo, ukipiga kelele jina limeandikwa unapewa eneo, na mwalimu kasimama pembeni na fimbo. Kule darasa linagawanywa makundi kwa zamu, aliyekosea na asiyekosea wote, mara nyingi mwalimu nae anashika kitambaa, na ni watoto hao hao wanaopakuliana chakula cha mchana. Misri wameuchukua mfumo huo huo kwenye shule zao za Misri na Japani walizofungua 2018. Mtoto wetu anamaliza la saba ameshajifunza kwamba usafi ni kazi ya mkosaji au ya mdogo, ndo maana akipata cheo anadondosha chupa kupitia dirisha la gari la serikali na hajisikii vibaya.

Kwahiyo msimamo wangu, tusiige Japani nzima, tuanze kuondoa usafi kwenye orodha ya adhabu shuleni na walimu washike fagio pamoja na watoto. Walimu mlioko humu, hili linawezekana na darasa la watoto 90? Na wakuu wa shule watakubali kuinama?